Panya wa Nne

Kila asubuhi Ambakisye Mwaijumba alivaa bangili kabla hata ya kunawa uso. Ilikuwa ya udongo mgumu, nyeupe, na upande wake wa ndani ulikuwa na pini nne butu zilizogusa ngozi. Akishaibana, pini zilianza kupiga, kila moja kwa mwendo wake, maana kila moja ilifuata moyo wa panya mmoja. Watunza panya wa vituo vingine walilalamika kwamba bangili inawawasha. Yeye ilimsumbua pale tu alipoivua. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na kitanda kimoja, na bila zile pini hapakuwa na kitu ndani yake kilichokuwa hai zaidi ya yeye mwenyewe.

Pini ya kwanza ilikuwa ya Kiherehere, na ilipiga haraka bila kubadilika, kama mtu anayeteremka ngazi. Ya pili, ya Shangazi, ilikuwa nzito. Ya tatu ilikuwa ya Karani, na ilienda polepole hivi kwamba mgeni angedhani imekufa. Ya nne ilikuwa ya Soni. Hiyo haikuwa na mwendo wa kudumu. Soni alishtuka mlango ukifungwa, alishtuka ukifunguliwa, na mvua ilipoanza kunyesha juu ya bati alishtuka, halafu akashtuka tena ilipoacha.

Walikuwa panya buku, kila mmoja mkubwa karibu sawa na paka, na kazi yao ilikuwa mgodini. Makaa ya mawe ya Itekela hayakuchimbwa ili yachomwe. Hakuna aliyechoma makaa tena tangu sheria ya kuyapiga marufuku ipite. Yalipelekwa kiwandani yakafanywa nyuzi nyembamba kuliko unywele, za kufumia mabawa ya ndege na kamba za madaraja. Lakini kule chini gesi ilikuwa ile ile ya zamani, na cheche moja ya mashine ilitosha kuua watu arobaini. Ndiyo maana roboti zilipigwa marufuku mle ndani. Likitokea la kutokea, walioingia ni panya, wamevaa mikanda ya shingo ya udongo iliyojiendesha kwa joto la miili yao.

Asubuhi hiyo Mhandisi Rweyongeza alikuja kuwapima kwenye handaki la mazoezi nyuma ya kituo. Alikuwa kijana wa Bukoba, mwenye koti zuri lisilofaa kwa ukungu wa Itekela, na saa mkononi.

"Dakika tisa na nusu," alisema panya walipotokeza upande wa pili. "Mzee Mwaijumba, wenzako wa kituo cha kaskazini wanatumia dakika nne."

"Wana panya gani huko?"

"Wamewasawazisha wote. Wana Kiherehere wanne."

"Basi wana panya mmoja," Mwaijumba alisema, akimfungua Karani kamba za mgongoni. "Wamemnunulia mikanda minne tu."

Mhandisi alicheka. Alipenda kubishana na mzee huyu; pale kituoni hapakuwa na mtu mwingine wa kubishana naye.

"Hebu niambie. Huyu wa mwisho ana kazi gani? Nimemtazama. Anasimama kila hatua kumi. Wenzake nao wanasimama. Kama ningekuwa na kibarua wa namna hiyo ningemfukuza."

"Umemtazama yeye. Hukuwatazama wanne."

"Nieleze."

Mwaijumba alimweka Karani begani. "Kiherehere anaanza. Bila yeye hawa watatu wangekaa mlangoni mpaka Pasaka. Hana akili nyingi, lakini hajui kurudi nyuma. Shangazi anakaa nyuma yake, na kazi yake ni kung'ata. Anayechelewa anang'atwa, anayekimbilia mbele peke yake anang'atwa. Karani anapita kila kona mara mbili, naye ndiye anayekumbuka njia ya kurudi. Soni anaogopa."

"Hiyo ndiyo kazi?"

"Ndiyo. Mwaka jana, handaki la nne, alikaa chini akakataa. Kiherehere alivuta kamba mpaka akajichuna. Shangazi alirudi nyuma, akamnusa Soni, hakumng'ata. Hajawahi kumng'ata hata siku moja, sijui kwa nini. Akageuka akamng'ata Kiherehere badala yake. Wakakaa wote. Dakika tatu baadaye paa likashuka mbele yao, jiwe kubwa kama lori."

"Nimesoma ripoti hiyo. Mara moja, mzee. Na mara ngapi amesimama bure?"

Mwaijumba aliendelea kukunja kamba. Alikuwa ameziandika mara hizo zote, na zilikuwa nyingi.

Kusawazisha kulikuwa jambo rahisi. Ndani ya kila mkanda wa shingo kulikuwa na tone moja la dawa. Mtunza akibonyeza kitufe chini ya bangili, tone liliingia kwenye ngozi ya panya, na katika muda wa dakika moja panya huyo aliacha tabia aliyozaliwa nayo akachukua nyingine, iliyopimwa na kunakiliwa kutoka kwa panya shupavu kuliko wote waliowahi kupatikana. Makao makuu yalijivunia sana tone hilo. Lililokosekana ni tone la kumrudisha alivyokuwa. Kwa sababu hiyo sheria ilisema mtunza peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kubonyeza, na Mwaijumba hakuwa amebonyeza hata mara moja.

Walipokuwa bado wamesimama pale, wapimaji wa handaki la saba walipita njiani kuelekea zamu, watano, na vyombo vyao mabegani. Mmoja wao, mwanamke mrefu, alipomwona Mwaijumba alivuta kitenge kutoka begani akakitandaza juu ya helmeti mpaka usoni, akaiacha njia, akazunguka nyuma ya rundo la magogo. Wenzake walipunguza mwendo kumngojea upande wa pili. Walishazoea.

Mwaijumba naye aligeuka akatazama ukuta.

"Yule mama ulimkosea nini?" Mhandisi aliuliza.

"Ni mkwe wangu. Mke wa marehemu Lugano, mwanangu."

"Kwa hiyo?"

"Mkwe hamtazami baba wa mumewe, wala hamsemeshi. Na mimi simsemeshi. Ndivyo tunavyoheshimiana kwetu."

"Mpaka leo? Mbona nina marafiki Wanyakyusa, wanakula meza moja na wakwe zao, wanacheka?"

"Wengine wameacha," Mwaijumba alisema, na sauti yake ilijaa fahari. "Tusajigwe hajaacha."

Lugano alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita kwa maradhi ya mapafu. Tusajigwe angeweza kurudi kwao, hakurudi. Kila Jumapili baada ya ibada Mwaijumba alisikia kikapu kikiwekwa barazani. Alikaa kitini akingoja hatua ziishe, ndipo akafungua mlango akachukua ndizi, na wakati mwingine maziwa ya mgando. Katika dunia nzima walikuwa wamebaki watu wawili waliojua jinsi Lugano alivyokuwa akipiga chafya mara saba bila kukosa. Hawakuwahi kubadilishana neno.

* * *

Handaki la saba liliporomoka Jumanne, baada ya chai ya saa nne. Mwaijumba alilisikia kwa miguu kabla ya masikio. Pini ya nne ilikuwa imeanza kuruka kitambo kidogo kabla ya hapo.

Alipofika na kizimba mdomoni mwa mgodi, watu walikuwa wameshatoka, weusi kwa vumbi, wakihesabiana. Walihesabu mara mbili. Aliyekosekana alikuwa Tusajigwe. Alikuwa amerudi nyuma kuchukua chombo cha kupimia.

"Yuko hai," Mhandisi Rweyongeza alisema. Koti lake zuri lilikuwa limechanika bega. "Anagonga. Sikiliza."

Aliweka sikio lake kwenye kifusi, na Mwaijumba akafanya vivyo hivyo. Jiwe kwa jiwe: tatu, kimya, tatu.

Kuchimba kungechukua zaidi ya siku nzima. Hewa aliyokuwa nayo isingefika jioni, kwa kuwa gesi ilikuwa ikivuja kutoka kwenye mwamba uliopasuka. Kati ya mawe yaliyoanguka palikuwa na upenyo ambao mtu asingeingiza hata bega. Panya wangeweza. Wangeburuta mpira wa hewa, mwembamba kama kidole, wenye urefu wa mita mia moja na ishirini, na ukishafika pale alipo, pampu iliyoko nje ingemsukumia hewa mpaka wachimbaji wamfikie. Panya watatu hawakutosha kuuvuta. Walifungwa wanne kwenye kamba moja, Kiherehere mbele, Soni nyuma karibu na mpira, na hivyo mmoja akisimama wote wamesimama.

Waliingia saa tano kasoro. Mwaijumba alikaa kwenye sanduku mbele ya spika, amefunga kipaza sauti shingoni. Wanaume walisimama nyuma yake. Mpira ulijikunjua kutoka kwenye gurudumu lake: mita kumi, mita thelathini. Kupitia mikanda ya panya walisikia kucha zikikwaruza, mchanga ukidondoka, na kwa mbali, jiwe kwa jiwe, tatu, kimya, tatu.

Panya wa mgodini hufundishwa jambo moja tangu wakiwa wadogo: penye kugonga pana karanga. Kwa hiyo waliufuata mlio. Pini ya kwanza ilikuwa vile vile. Shangazi alikuwa akiwapanga. Karani alirudi nyuma mara moja kukagua kona, akaridhika. Soni alikuwa na hofu yake ya kila siku, si zaidi.

Mita sabini. Mita themanini. Kugonga sasa kulikuwa karibu sana, na mwanga hafifu ulionekana kwenye kioo kidogo cha Mhandisi kilichopokea picha kutoka kwenye mikanda, mwanga wa taa ya helmeti.

"Taa yake inawaka!" mtu mmoja alisema.

Mwaijumba alisogeza kidevu kwenye kipaza sauti. Sauti yake ilitoka kwenye mikanda minne kule chini, kwa sababu ndivyo panya walivyozoea kuongozwa. "Taratibu, wanangu," alisema. "Taratibu. Tumekaribia."

Kugonga kukakoma.

Mwanga nao ukazimika.

Walingoja. Kwenye spika zilisikika kucha za panya, halafu hata kucha zikanyamaza. Gurudumu la mpira lilisimama kwenye mita themanini na mbili.

"Amezimia," Mhandisi alisema polepole. "Mungu wangu. Gesi imemshika."

Mwaijumba hakumsikia vizuri. Pini ya nne ilikuwa ikipiga kiasi cha kuumiza. Soni alikuwa amekaa chini. Kiherehere alivuta mara mbili akaacha. Shangazi aligeuka, na mkononi mwake Mwaijumba alihisi pini ya pili ikitulia kama anavyotulia mtu anapongoja kuambiwa. Karani alilala.

"Mwite," Mhandisi alisema. "Mwite kwa jina. Kama yuko macho ataitika, na panya watasogea."

Mwaijumba alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Ni mkwe wangu."

"Najua ni mkweo! Mwite!"

Alifungua mdomo. Wanaume wote waliokuwa nyuma yake walikuwa watu wa pale, na nusu yao walikuwa wamesimama makaburini siku Lugano anazikwa, wakamwona Tusajigwe akiwa amejifunika upande wa pili wa kaburi, na wakasema jioni ile kwamba nyumba ya Mwaijumba ina adabu. Jina lilifika kwenye ulimi likakaa hapo.

"Amezimia, umesema mwenyewe," alisema. "Aliyezimia haitiki."

"Basi nipe mimi kipaza sauti."

"Wakisikia sauti ngeni watageuka na kujifunga kwa mpira. Ulijaribu mwezi wa tatu."

Hilo lilikuwa kweli. Mhandisi alilikumbuka na akaacha. Alichuchumaa mbele ya mzee ili macho yao yalingane.

"Basi sikiliza. Gesi pale walipo ni ndogo, mikanda inaonyesha. Paa limetulia, nimelisikiliza mwenyewe. Hakuna sababu ya yule panya kukaa. Anaogopa tu, kama anavyoogopa mvua. Kule mbele, hatua kumi na tano, gesi ni kubwa zaidi na kuna mtu ameilalia. Ana dakika ishirini, labda chini ya hapo. Msawazishe."

"Soni hasimami bure."

"Amesimama bure mara thelathini na moja. Umeziandika wewe mwenyewe kwa mkono mzuri kabisa."

Mwaijumba aliweka vidole vya mkono mwingine juu ya bangili. Alijua hofu za Soni kama mtu anavyojua vikohozi vya watu wa nyumbani kwake. Hofu ya gesi iliruka kisha ikazama. Hofu ya paa ilikuja kwa vipindi. Hii ilikuwa ya juu na haikushuka, nayo alikuwa amewahi kuihisi mara moja tu, siku nyoka alipojikunja kimya nyuma ya gunia la karanga na Soni akakaa vile vile, akimkodolea macho mnyama ambaye hakutoa mlio. Hofu ya kitu kikubwa kinachopumua gizani na kujificha. Lakini mita mia mbili chini ya ardhi hakuna nyoka. Aliliweka wazo hilo kando.

Alifikiria pia jambo lingine, na aliona aibu kwa kulifikiria wakati ule. Soni ndiye pekee aliyekuwa akipanda magotini kwake jioni. Wengine walikula wakaondoka. Soni alichukua karibu saa nzima kuvuka sakafu ya chumba, akisimama, akirudi, akisimama, na alipofika ilikuwa ni kwa sababu alikuwa ameamua. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akisafiri mbali hivyo kumfikia.

"Mzee," Mhandisi alisema.

"Soni," Mwaijumba alisema kwenye kipaza sauti, jina tu. Pini ya nne ilipungua kidogo. Alikuwa ameisikia sauti yake.

Akabonyeza.

Kwa sekunde chache hakuna kilichobadilika. Kisha pini ikaanza kushuka, taratibu, kama maji yanayopungua kwenye ndoo iliyotoboka, ikafika kwenye mwendo wa haraka usiobadilika, na hapo ikakaa. Mkononi mwake pini mbili zilikuwa zikipiga kwa pamoja, ya kwanza na ya nne, na kama asingejua mahali zilipokaa asingeweza kusema ipi ni ya nani.

Gurudumu likaanza kuzunguka. Lilizunguka kwa kasi kuliko mwanzo. Mita tisini. Tisini na saba. Kwenye spika kikasikika kishindo kidogo, mkwaruzo wa kitambaa, na mtu akivuta pumzi ghafla. Kisha kukohoa. Kisha jiwe kwa jiwe, tatu.

Wanaume walipiga kelele, wakakumbatiana, na mmoja akampiga Mhandisi mgongoni mpaka akajikwaa. "Washeni pampu!" alikuwa akipaza sauti huku akicheka na kulia. "Pampu! Pampu!" Mwaijumba alibaki amekaa juu ya sanduku akiwa ameshika kifundo cha mkono wake.

Walimtoa Tusajigwe kesho yake mchana, mkono umevunjika, akili timamu. Mwaijumba hakwenda mdomoni mwa mgodi. Hakutaka kumlazimisha ajifunike uso akiwa juu ya machela.

* * *

Siku ya nne Soni aliling'ata sikio la Kiherehere likachanika. Walikuwa wakigombea kuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Shangazi aliwazunguka, akamng'ata huyu, akamng'ata yule, kisha akaenda kujikunja pembeni. Karani aliacha kukagua kona. Alikaa katikati ya handaki la mazoezi akinusa, kama mtu aliyeingia ofisini akakuta wamebadilisha meza.

Mwaijumba alificha kifuko cha gesi ya majaribio ndani ya handaki. Panya wote wanne walipita juu yake bila kupunguza mwendo. Dakika tatu na nusu.

Alimtenga Soni kwenye tundu la peke yake. Jioni alimfungulia. Soni alivuka sakafu kwa mbio moja, akapanda magotini, akachukua karanga mkononi, akashuka, akaenda kujaribu mlango, dirisha, kabati. Hakuwa mkali. Alikuwa na shughuli nyingi tu. Mwaijumba alimwita kwa jina, naye akaja mara moja, kama ambavyo angekuja kwa yeyote mwenye karanga.

Mhandisi Rweyongeza alikuja na fomu. Alikuwa na koti jipya na furaha ambayo alijitahidi kuipunguza mlangoni.

"Makao makuu wamefurahi sana, mzee. Wanataka kulifanya lazima, vituo vyote kumi na tisa. Panya wote wasawazishwe kabla ya mwezi kuisha. Wanasubiri ripoti yako tu, maana wewe ndiye uliyekuwa mbishi kuliko wote." Aliiweka fomu mezani. "Jaza pale kwenye sababu ya kusimama. Ukiandika 'hofu isiyo na sababu' inatosha."

"Na kama ilikuwa nayo?"

"Ipi?"

"Sijui."

"Kama hujui, haipo," Mhandisi alisema kwa upole, akaenda zake.

Fomu ilikaa mezani siku mbili.

Jumapili, baada ya ibada, alisikia hatua barazani. Alikaa kitini kama kawaida. Lakini kikapu hakikuwekwa. Hatua zilizunguka upande wa nyumba, zikasimama nje ya ukuta wa mbao wa nyumba ya panya iliyoungana na chumba chake, karibu kabisa na mahali alipokuwa. Alisikia mtu akiegemea, na plasta ya mkono uliovunjika ikigusa mbao.

"Tata," sauti ilisema. Hivyo ndivyo baba huitwa kwa lugha yao. "Usigeuke. Na mimi nimekupa mgongo."

Moyo wake ulipiga kuliko pini zote nne. Alitazama mbele. Hakujua mtu huanzaje.

"Nimesikia unasumbuka na fomu," alisema Tusajigwe. "Mhandisi amewaambia watu. Wanacheka kwamba Mzee Mwaijumba anamlilia panya."

"Waache wacheke." Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu maishani mwake, na ilitoka kavu.

"Nilikuwa sijazimia, tata."

Mwaijumba alisogeza kiti karibu na ukuta.

"Nilikuwa nagonga. Nilisikia kucha, nikajua ni panya. Halafu nikasikia sauti ya Lugano. Taratibu, wanangu. Ile ile kabisa, hata pale anapovuta neno. Nilitaka kuita. Nilifungua mdomo niite. Ndipo nikakumbuka Lugano ana baba. Nikaona aibu. Nilikuwa nimekaa vibaya, kitenge kimechanika, kichwa wazi. Nikazima taa. Nikaweka jiwe chini, nikageukia ukuta. Nilikuwa sina akili nzuri, tata. Nilikuwa nimevuta gesi. Nilidhani unakuja mwenyewe."

Ndani ya nyumba ya panya, Kiherehere alikuwa akitafuna ukingo wa tundu.

Mwaijumba aliiona: upenyo, giza la ghafla, kitu kikubwa kilichokuwa kikigonga na sasa kimenyamaza, kinapumua, kimejificha. Na panya mmoja kati ya wanne mwenye akili ya kukaa chini.

"Mhandisi aliniambia nikuite," alisema.

"Najua."

"Sikukuita."

"Na mimi nisingeitika, labda. Sijui." Alisogea, plasta ilikwaruza mbao. "Yule aliyenifikia wa kwanza, aliwapita wenzake akawavuta wote, akanirukia mapajani. Mpaka nikashtuka. Ndiye yule mwoga?"

"Ndiye."

"Mbona hakuwa mwoga."

Angeweza kuliacha hapo. Lingekuwa jambo jema la kumwachia mtu aliyetoka kaburini: panya mwoga aliyejipa moyo kwa ajili yake. Mwaijumba alilipima kwa muda mrefu.

"Nilimpa tone," alisema. "Alikuwa amesimama kwa sababu nzuri, nami nikamfuta. Hatarudi alivyokuwa."

Nje, plasta iliachana na mbao. Alidhani ameondoka.

"Andika," Tusajigwe alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Andika nilizima taa. Andika na sababu."

"Itasomwa vituo vyote. Watakucheka. Watasema tuko karne gani."

"Watakucheka na wewe."

"Mimi ni mzee. Nitacheka nao."

"Basi andika. Kuna wengine kama yeye kwenye vituo vingine?"

"Karibu kila kituo kina mmoja. Wale waliobaki."

"Andika, tata."

Alivuta fomu, akachukua kalamu. Aliandika kwa mkono wake mzuri, bila haraka, na kila alipomaliza sentensi aliisoma kwa sauti, naye kule nje akasema ndiyo, au akasema hapana, haikuwa hivyo. Walipofika mahali pa kumtaja mtunza aliyekataa kuita, Tusajigwe alimwambia apunguze makali. Hakupunguza.

"Kesho pitia mbele," Mwaijumba alisema walipomaliza. "Kuna kiti cha pili."

Mwaijumba alimsikia akifikiri.

"Hapa panatosha, tata," alisema. "Kwa sasa."

Hatua zake zilizunguka nyumba. Kikapu kikawekwa barazani. Mwaijumba hakunyanyuka mpaka zilipoisha, kisha akakumbuka kwamba fomu ilikuwa na mistari miwili nyuma, ile ambayo watunza huijaza bila hata kuisoma.

Panya walioingia. Akaandika: wanne.

Panya waliorudi. Mkononi pini zote nne zilikuwa zikipiga, mbili kati yake kwa mwendo mmoja.

Akaandika: watatu.